Baiskeli, Mwambie Mkwe Wangu

Kwa miaka tisa niliishi nyumba moja na mama mkwe wangu, na kama ungeniuliza anafananaje ningekueleza miguu yake. Miguu niliijua vizuri: kidole cha pili kirefu kupita kidole gumba, kovu la jembe juu ya kisigino cha kushoto, na kandambili za bluu zilizokatika kamba nikazishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni. Baada ya miguu nilijua mikono, kwa sababu mikono ndiyo iliyoweka sahani ya ugali kwenye kigoda changu na kuondoka. Uso sikuujua. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, haketi naye mkeka mmoja, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani anakata pembeni au anageuka kutazama vichaka mpaka mama apite. Vijana wa hapa Mpanda siku hizi wanaona huo ni ushamba. Wanapiga picha na mama wakwe zao wameshikana mabega. Shauri yao. Mimi nilikuwa naona haya kumshika mkono mke wangu mbele za watu, sembuse mama yake.

Alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki kule Usevya. Mke wangu alikuwa mtoto wake wa pekee, na sisi wenyewe hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu tu. Wawili kati yao hawakuongea. Mke wangu ndiye alikuwa akipeleka maneno huku na kule. "Mama anasema chumvi imekwisha." "Mwambie nitaleta jioni." Mama mwenyewe alikuwa hatua tano kutoka nilipokaa, ananisikia vizuri kabisa, lakini alisubiri aambiwe.

Shida ilikuwa mchana, mke wangu akiwa shuleni anafundisha. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu naifanyia barazani, na mama alikuwa ua huo huo akipepeta mchele. Siku moja mawingu yalifunga ghafla na kwenye kamba kulikuwa na sare za wanafunzi nilizokuwa nimezifua. Nilikuwa nimeinamia cherehani, sina habari. Mama akasimama mbele ya baiskeli yangu iliyoegemea ukuta, baiskeli kubwa nyeusi ya chuma, akaiambia kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani: "Baiskeli, mwambie mwenye nyumba nguo za watu zitalowa."

Nilishtuka, nikaruka, nikaanua nguo. Niliporudi nikaona si adabu kukaa kimya. Nikaitazama baiskeli nikasema, "Mwambie asante."

Wazee wa zamani walikuwa wakiongea na kuku au na nguzo ya nyumba. Sisi tulipata baiskeli kwa kuwa haikuwa ikienda popote mchana. Mke wangu aliporudi akatukuta katika mazungumzo hayo, alicheka mpaka akakaa chini na mkoba wake wa madaftari. Tangu siku hiyo baiskeli ikawa na cheo nyumbani. Nikiifuta vumbi, mama aliiambia, "Leo umependeza." Nami sikujua kama sifa ni za baiskeli au zangu.

Lakini kazi yake hasa ile baiskeli ilikuwa safari. Mke wangu aliwahi kupangiwa kazi Karema, ufukweni mwa Tanganyika, kabla hatujaoana, na huko alijifunza kuendesha mashua kwa wazazi wa wanafunzi wake. Akahamishiwa Mpanda, lakini ziwa halikumtoka rohoni. Kila likizo ya katikati ya mwaka, mvua zikishakatika, tulifunga mizigo kwenye keria, yeye na baiskeli yake nyekundu, mimi na nyeusi yangu, tukachukua njia ya Sibwesa kuelekea ziwani. Siku mbili, mara nyingine tatu. Hatukuwa na biashara, hatukuwa na mgonjwa wa kumwona. Tulikwenda kutembea tu, na hilo ndilo watu hawakuweza kulielewa. Kila kijiji tulichopita mtu aliacha jembe akatuuliza, "Kuna msiba huko mbele?" Mtu mzima mwenye mvi hapigi pedeli juani bila msiba. Mke wangu alijibu vilevile kila mara: "Tunatembea tu." Walituangalia mpaka tunapotelea kwenye kona, na nina hakika walisema tumerogwa.

Alikuwa anaendesha kwa namna yake. Viwiko nje, mgongo umenyooka, na akifika mteremko anasimama juu ya pedeli, hagusi breki. Mimi huyo nyuma yake nabana breki mpaka zinalia, namwita jina lake kwa hasira. Akinisubiri chini ya kilima alikuwa ameshakula nusu ya karanga.

Ziwani alikuwa na rafiki, mvuvi mmoja mwenye mashua ndogo ya tanga, aliyetuazima bila maneno mengi. Tanga lenyewe nililishona mimi. Nilitumia turubai kuukuu, na lilipopungua nikaongezea vipande vya kaki vilivyobaki kwenye kaptula za shule, likawa nusu bluu nusu kahawia, na pembeni kulikuwa na mfuko mzima wa kaptula niliosahau kuufumua. Wavuvi walilicheka. Mke wangu aliutumia ule mfuko kuwekea limau. Yeye alishika usukani, mimi kamba ya tanga, na kwa kuwa naogopa maji tuligombana kutoka ufukweni mpaka ufukweni. Mara moja upepo ulikufa tukakaa nusu siku katikati ya maji tulivu, mimi nashona mpasuko kwenye tanga ili nisiyatazame maji. Akanitazama akasema, "Wewe una sindano, mimi nina usukani. Tutafika tu." Nilinuna. Sasa ningetoa cherehani yangu ninune vile siku moja zaidi.

Ugonjwa ulimchukua kwa miezi minne. Sitaueleza, walioupitia wanaujua, na wengine Mungu awaepushie. Tulimzika Usevya kwa baba yake, kama alivyotaka, na baada ya matanga mama na mimi tukarudi Mpanda katika basi moja, yeye kiti cha mbele, mimi cha nyuma kabisa.

Hapo ndipo nilipogundua nyumba ya watu wawili wasioongea ikoje. Baiskeli ilifanya kazi ya watu wengi mwaka ule. "Baiskeli, mwambie chakula kiko mezani." "Mwambie nimeshiba." "Mwambie hajashiba, nimeona sahani." Tulipeana salamu, taarifa za mvua, bei ya mchele. Kuhusu mke wangu hatukusema neno. Jioni nilimsikia jikoni akipanga sahani tatu, kisha akirudisha moja.

Mavuno yalipokaribia, alikuja akasimama mbele ya baiskeli asubuhi, miguu imebanana, kandambili zimeoshwa. "Baiskeli, mwambie mwenye nyumba mpunga ukishavunwa narudi Usevya, kwa kaka yangu. Mwanangu hayupo. Hapa nakaa kama nani?"

Nilikuwa na sindano mdomoni. Nilitaka kusema: usiende. Nilitaka kusema kwamba bila yeye nyumba ile ni cherehani na ukuta. Lakini mkwe hampingi mama mkwe wake, na mwanamume mjane anayemwomba mama mkwe abaki naye nyumbani atasemwaje? Nikatoa sindano mdomoni.

"Mwambie nimesikia," nikasema.

Miguu ilikaa pale kidogo, kisha ikaondoka.

Sikulala vizuri wiki nzima. Nilijilaumu, nikajitetea, nikamlaumu yeye, nikamlaumu hata marehemu kwa kutuacha bila mkalimani. Nilijaribu kutunga sentensi. Nilipoifikisha barazani ilikauka. Nikiitazama baiskeli naona jinsi itakavyosikika: fundi mzima anabembeleza chuma.

Siku chache baadaye akarudi mbele ya baiskeli. Safari hii sauti ilikuwa chini. "Baiskeli, wewe ndiye uliyekuwa unakwenda naye ziwani. Kabla sijaondoka nataka nione alichokuwa anafuata huko."

Nikasema, "Mwambie tutakwenda." Hilo niliweza.

Mama ana umri wake, sikuweza kumpakia kutoka Mpanda. Tulipanda gari la Karema, baiskeli juu ya keria ya gari, na tanga langu, ambalo kila mwaka tulirudi nalo nyumbani, limeviringishwa kando yake. Lakini alishaiambia baiskeli kwamba hataki kufika na gari. Alitaka kuingia kama binti yake alivyokuwa akiingia. Basi tukashuka garini juu ya kilima cha mwisho, pale ziwa linapoanza kuonekana, na dereva akaondoka akitikisa kichwa.

Tukabaki watatu: mama, mimi na baiskeli, na tatizo ambalo nilikuwa nimelifikiria usiku na mchana. Anayepakiwa kwenye keria hushika kiuno cha anayeendesha. Mimi nishikwe kiuno na mama mkwe? Heri nirudi Mpanda kwa miguu. Ndiyo maana nililichukua lile tanga. Nililifunga kwenye keria, limesimama kati ya mgongo wangu na nafasi yake, nene kama mtu wa tatu. Nikageukia vichaka, nikaiambia baiskeli, "Mwambie ashike tanga."

Alikaa upande, akalikumbatia. Tulipoanza kuteremka nilisikia pumzi yake nyuma ya turubai, na breki zangu zikaanza kulia kama kawaida.

"Baiskeli," akasema, "mwambie asibane breki sana. Mwanangu hakuwa anabana."

Niliachia. Mungu anisamehe, nilimteremsha mama wa watu mteremko ule bila breki, na upepo ukaingia kwenye mikunjo ya tanga likawa linapigapiga katikati yetu. Chini ya kilima mwanamke aliyebeba kuni alisimama akatuamkia, kisha akauliza kile kile. "Kuna msiba?"

Nilikuwa natafuta jibu. Mama akanitangulia. "Tunatembea tu," akasema, kwa sauti ile ile ya binti yake. Kumbe alikuwa akisimuliwa, mwaka hadi mwaka, jikoni, nami nikidhani wanaongelea mboga.

Mvuvi alitupokea kwa machozi kidogo na dagaa wengi. Hakutuuliza maswali. Kesho yake asubuhi alimvalisha mama jaketi la kuokolea maisha juu ya kitenge, akamketisha nyuma kwenye usukani, na yeye akakaa katikati ili apokee maneno, maana baiskeli ilibaki ufukweni.

"Mwulize mkwe wangu, mwanangu alikuwa anakaa wapi?"

"Anauliza binti yake alikuwa anakaa wapi."

"Mwambie hapo hapo alipokaa."

Nilitazama sakafu ya mashua. Nikaona mkono wake ukishuka kwenye mti wa usukani, ukaushika taratibu, vidole kimoja kimoja.

Tulipotoka kwenye kina kifupi tanga lilishika upepo, na hapo ndipo mila ilipopambana na ziwa. Mama alisukuma usukani upande usiotakiwa. Nikamwambia mvuvi, "Mwambie avute kwake." Mvuvi akageuka, "Mama, anasema uvute kwako." Mama akauliza, "Kwangu huku au huku?" Mvuvi akanigeukia, "Anauliza huku au huku?" Mpaka jibu langu linamfikia, mashua ilishageuka, tanga likawa linapigapiga bure, na mfuko wa kaptula ukamwaga limau za mwaka juzi, zimekauka zimekuwa ngumu kama gololi. Moja iligonga goti la mvuvi. Mama akaanza kucheka. Tangu msiba sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka kama mtu anayekohoa kitu kilichokwama, akaokota limau moja akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Baadaye alitulia, akaushika usukani vizuri kuliko nilivyotegemea. Tukaenda sambamba na ufuko kwa saa nzima, maji yakigonga ubao. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Alikuwa na furaha, hakuna jirani, hakuna cherehani. Nilimtazama mvuvi nikafungua mdomo nimwambie: mwambie asiondoke. Nikamwona amekaa pale na kichwa kimeinama, masikio wazi, mwanamume mwenzangu, na maneno yale yakanishinda. Nikasema, "Mwambie upepo unatosha, turudi."

Wiki mbili baadaye nikampeleka Usevya.

Mzigo wake ulikuwa mdogo: begi moja, ungo wake, na mchele kidogo kwa ajili ya kaka yake. Nilipandisha na baiskeli juu ya basi. Konda akashangaa. "Mzee, unamsindikiza mama halafu unarudi kesho, baiskeli ya nini?" Nikamwambia apakie, asinichoshe. Ningemwelezaje kwamba bila ile baiskeli hatuna lugha? Tulipita katikati ya hifadhi, abiria wanaoneshana twiga dirishani, na mimi kiti cha nyuma nimetazama kisogo cha mama, kilemba cha kijani, nikihesabu kwamba hiki ndicho kitakuwa kitu cha mwisho cha nyumba yangu kuondoka.

Kaka yake, ambaye mimi namwita mjomba, alitupokea vizuri. Chumba kilishapakwa udongo mpya. Nilikiona nikakichukia.

Kwa bahati kesho yake kulikuwa na mashindano ya pikipiki Majimoto, na mjomba alituambia lazima twende wote, kwa sababu mjukuu wake wa kike anashindana. Binti huyo alikuwa dereva wa bodaboda, mwanamke peke yake kwenye kijiwe chao. Mke wangu alikuwa shangazi yake wa kiukoo, na likizo za mwisho wa mwaka, tulipokuja Usevya, ndiye aliyemfundisha baiskeli kwenye njia za mashambani, akimshikilia kiti kwa nyuma.

Mashindano ya Majimoto si ya televisheni. Yanafanyika kwenye majaruba yaliyovunwa, udongo umekauka na kupasuka, mabua ya mpunga yamebaki magumu chini. Njia imewekewa matawi ya miti na mifuko ya plastiki. Na sheria ni moja inayowapa watu wazimu: kila pikipiki inabeba gunia la pumba nyuma, limefungwa na mpira wa bodaboda, kwa sababu huko kazi ya pikipiki ni magunia na mtu asiyejua kubeba gunia hawezi kujiita dereva. Gunia likidondoka umetoka. Ukishuka kulirudisha unachekwa mpaka msimu ujao. Zawadi ilikuwa tairi jipya na jogoo.

Tulijipanga kando ya jaruba. Mama alisimama na kaka yake, nami nikasimama upande wa pili wa mjomba, nimeshika baiskeli yangu. Muziki ulipiga kwenye spika, mtangazaji akawa anawatania washindani kwa majina yao ya kijiweni, watu wanauza miwa na mahindi ya kuchemsha. Kisha pikipiki kumi na moja zikanguruma kwa pamoja na vumbi likatufunika sote.

Mzunguko wa kwanza magunia matatu yalidondoka, pumba zikaruka hewani, watoto na mbuzi wakakimbilia. Mzunguko wa pili walibaki sita. Mjomba alinisukuma kwa kiwiko kila mara, anapiga kelele, akaishia kusogea mbele kabisa kwenye ukingo wa jaruba ili amwone mjukuu wake. Sikugundua kwamba hivyo hapakuwa tena na mtu kati yangu na mama.

Mzunguko wa mwisho yule binti alitokea kwenye kona akiwa wa tatu. Pale palikuwa na tuta kubwa, wenzake wawili wakabana breki kuhofia magunia yao. Yeye hakubana. Alisimama juu ya vikanyagio, viwiko nje, mgongo umenyooka, akalivuka tuta lile na gunia lake halikutikisika, akawapita wote wawili mbele yetu.

Mkono ukanishika. Ulinishika juu ya kiwiko, kwa nguvu, na sauti ikanipigia kelele sikioni, "Mkwe! Umemwona? Umeona anavyokaa? Kama yeye! Kama mwanangu!"

Nami, bila kufikiri, niligeuka nikamtazama.

Macho yalikuwa ya mke wangu. Sikuwa nikijua. Miaka tisa yalikuwa nyumbani kwangu, barazani, jikoni, mwaka huu mzima niliokuwa nikitafuta kila pembe ya nyumba kitu chake kilichobaki, yalikuwepo, na mimi nilikuwa nikitazama miguu. Yale yale, makubwa kidogo, jicho la kushoto likifunga zaidi la kulia mtu akicheka.

"Nimemwona, Mama," nikasema.

Akatambua alichofanya. Mkono ukaniachia kama umeungua, akajifunika mdomo kwa kitenge. Wanawake waliokuwa karibu wakageuka. Mmoja akasema, "Ee!" Nilijua natakiwa kugeukia vichaka, lakini hapakuwa na vichaka, ni majaruba matupu, na nilishaona haya kiasi kwamba kuongezea kidogo hakungeniua.

"Mama," nikasema, "turudi nyumbani."

"Nyumbani wapi?" Alisema chini, nyuma ya kitenge.

"Mpanda. Kwetu."

"Kwani siku ile nilipokwambia naondoka, si ulisema umesikia?"

"Ningekupingaje? Wewe ni mama mkwe wangu."

Akashusha kitenge. "Na mimi ningebakije bila kuombwa?" akasema. "Ningebaki kwako kama nani, mkwe, kama hata hukuniomba?"

Miezi yote ile tuliheshimiana mpaka tukakaribia kupotezana. Niliona machozi yamenitoka, nikayaacha, vumbi lilikuwa kisingizio cha kutosha.

Mjomba alirudi anashangilia, jogoo wa ushindi yuko mikononi mwa mjukuu wake, akakuta dada yake na mkwe wake wanatazamana na nusu ya Majimoto inawatazama wao. Alielezwa na watu watatu kwa wakati mmoja. Akanikazia macho, akamkazia dada yake, kisha akatoa hukumu kama hakimu. "Dada ndiye aliyeanza. Lakini wewe ulijibu. Hapo kuna kuku wawili. Kila mmoja wake."

Kwao, jambo kama lile halifutwi kwa kuomba radhi. Hufutwa kwa kuku anayeliwa na wote wawili, mkeka mmoja, sahani moja, mbele ya ndugu, na baada ya hapo mwiko umekwisha na hauwezi kurudishwa. Mchana wa siku ya pili tulikaa Usevya, mama na mimi, na sahani ya wali katikati. Ndugu walisimama pembeni wakisubiri kuona nani ataanza. Niliogopa kuliko siku ya harusi yangu. Mama alichukua paja, akaliweka upande wangu.

"Kula," akasema. "Huwa hushibi, nilikuwa naona sahani."

Watu wakacheka, nami nikala. Mjomba alitaka tukae wiki nzima. Mama hakujibu ndiyo wala hapana, wala mimi sikumuuliza tena, kwa kuwa nilishasema na sikutaka kumbana.

Asubuhi nilitoka nje kuandaa baiskeli kwa ajili ya basi. Kwenye keria, limefungwa kwa mafundo manne, kulikuwa na begi lake na ungo juu yake.

Tulirudi Mpanda viti viwili vya pamoja. Aliongea kutoka Usevya mpaka stendi. Sikujua kumbe ni mwongeaji hivyo. Aliniambia habari za mke wangu alipokuwa mdogo ambazo sikuwahi kuzisikia, na mimi nikamsimulia ziwa, upepo uliokufa, sindano na usukani. Konda akawa anatuchungulia kwenye kioo. Kutoka stendi alinyanyua begi lake kichwani nami nikakokota baiskeli, tukaingia uani, nikaiegemeza pale pale ukutani ilipozoea.

Nikakaa kwenye cherehani. Nilisikia hatua zake zikija, nikainua uso nimwangalie, kwa sababu sasa naruhusiwa. Lakini hakuja kwangu. Alisimama mbele ya baiskeli, akafungua pindo la kitenge, akatoa ile limau kavu ya ziwani, akaiweka juu ya keria.

"Baiskeli," akasema, "mwambie mwanangu tumefika."